Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali: mwandikieni mgonjwa mahututi siku zake

Kwenu waganga wakuu, wauguzi wakuu, na nyote mnaosimamia vyumba vya wagonjwa mahututi,

Poleni na kazi. Mimi ni mmoja wa watu waliotoka mikononi mwenu wakiwa hai, na kabla ya ombi lolote nawashukuru kwa hilo.

Nawaandikia nikiwa na daftari mapajani. Ni daftari la shule, la mistari, jalada lake limevalishwa nailoni ili liweze kufutwa kwa dawa. Ukurasa wa kwanza umeandikwa na mdogo wangu, herufi zimelala upande kama zinakimbia: "Dada, leo ni Jumanne. Uko hospitali. Una nimonia na imekuzidia, ndiyo maana wamekulaza kwa dawa na mashine inakusaidia kupumua. Huwezi kusema kwa sababu una mpira kooni, usihangaike. Watoto wako kwangu, wazima. Nimekushika mkono wa kushoto, wa kulia una dripu."

Siikumbuki Jumanne hiyo. Nililala katika chumba hicho siku 23, na 14 kati ya hizo nilikuwa kwenye mashine. Ninachokumbuka mimi ni mashua.

Nilikuwa nimetekwa. Nilikuwa chini ndani ya mashua, mahali pasipo na dirisha, na mashua ilipanda na kushuka majini bila kufika popote. Mikono yangu ilikuwa imefungwa. Mwanamke aliyeziba uso alikuja mara kwa mara kunisukumia kitu kooni mpaka pumzi inakatika. Nyuma yake watu wawili walisomeana namba kwa sauti ya chini, tisini, sitini, themanini na nane, na nilielewa kabisa kwamba ninapigwa mnada. Nawaomba msisome haya kama mtu anayesimulia ndoto. Ndoto mtu akiamka huijua kuwa ni ndoto. Hii nilitoka nayo hospitali kama jambo lililonipata, na kwa wiki kadhaa nyumbani nilikuwa nikifunga mlango kwa komeo mchana kweupe, nikimwogopa mwanamke yule.

Aliyeiondoa mashua hiyo ni muuguzi wa zamu ya usiku, kwa kalamu ya bluu, ukurasa wa siku ya kumi: "Mama, ni saa nane usiku. Umelala kwenye godoro la hewa linalojaa na kupungua lenyewe ili mgongo wako usipate vidonda, kwa hiyo ukihisi unapandishwa na kushushwa, ni godoro. Jana uliushika mpira ukataka kuuvuta, tukakufunga viganja kwa kitambaa laini, tutakufungua ukitulia. Nimekufyonza makohozi mara tatu. Najua inauma na inakukaba, nisamehe. Umefumbua macho ukaniangalia."

Nisamehe. Mwanamke wa kwenye mashua alikuwa ameniandikia neno hilo, na mimi nilikuwa nimemchukia kwa miezi miwili. Na wale madalali wawili? Mdogo wangu alinieleza baadaye: kila asubuhi na kila jioni wauguzi walikuwa wakikabidhiana zamu miguuni pa kitanda changu, wakisomeana mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiwango cha oksijeni.

Nyinyi mnajua kuliko mimi kwamba hali hii si ya mtu mmoja. Kuweweseka kwa mgonjwa mahututi kumechunguzwa kwa miaka mingi, na kati ya wanaowekwa kwenye mashine ya kupumulia tafiti zimewahi kuhesabu hadi 8 kati ya 10. Ugonjwa wenyewe huchafua akili. Maambukizi yakishaingia kwenye damu, oksijeni ikipungua, dawa za usingizi zikirundikana, taa zikiwaka usiku na mchana na usingizi wa kweli ukikosekana, ubongo hushika vipande vya hisia, mguso hapa, sauti pale, maumivu kule, na kuvishona kuwa kisa. Kisa hicho hakifutiki mgonjwa anapopata nafuu. Wengi waliopita humo husema jambo lile lile: mambo ambayo hayakutokea wanayakumbuka waziwazi, na yaliyotokea hawana hata chembe. Ukimwambia mtu wa namna hii "sahau, umepona," humsaidii. Anasahau nini, wakati hana cha kuweka mahali pake?

Tangu mwaka 2012 wataalamu wameyakusanya madhara haya chini ya jina moja, na ndani yake wameweka udhaifu wa misuli, usahaulifu, wasiwasi, sonona na kiwewe, kwa mgonjwa na kwa ndugu zake pia. Napenda kwamba ndugu wametajwa. Mdogo wangu hakuwahi kuwa na homa hata siku moja, lakini mpaka leo king'ora cha gari la wagonjwa kikipita barabarani husimama na kushika ukuta.

Nilipopata nguvu niliomba faili langu na nikaruhusiwa kulisoma. Nililisoma lote. Ni kazi nzuri, ya watu makini: kila saa ina alama, kila dawa ina sahihi. Lakini faili linazungumza juu yangu na watu wengine. Hakuna mstari hata mmoja humo unaozungumza na mimi. Mahali palipoandikwa kwa vifupisho kwamba mgonjwa hana utulivu na amefungwa mikono, daftari linasema ulitaka kuuvuta mpira, tutakufungua ukitulia. Tukio ni lile lile. Hilo la kwanza lilinifanya nijione nimefanyiwa jambo, na hili la pili likanionyesha kwamba kulikuwa na mtu pale.

Vyumba hivi vyenyewe vilianza na mtu aliyeketi. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulipoikumba Copenhagen, mashine za kupumulia hazikutosha, na daktari wa usingizi aitwaye Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mfuko wa mpira, kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kwa miezi, mmoja kwa kila kitanda, wakiminya mfuko usiku na mchana. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua katika mji huo chumba kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha uangalizi wa wagonjwa mahututi. Baadaye mashine zikaja kuchukua kazi ya ile mikono, na tunazishukuru, mimi nikiwa wa kwanza. Ila mkono ulipoondoka, shahidi naye aliondoka. Sidhani kama ni ajabu kwamba wauguzi wa nchi zile zile za kaskazini, kuanzia Denmark miaka ya 1980 na kisha Norway na Sweden, ndio walioanza kuwaandikia wagonjwa wao madaftari. Hawakungoja amri wala utafiti. Waliwaona watu wakirudi kuuliza, "Nilikuwa wapi?"

Utafiti ulifuata, na sitaki kuutumia kwa hila, kwa hiyo nayataja majaribio yote mawili makubwa. Mwaka 2010 kulichapishwa jaribio lililoongozwa na Christina Jones, lililohusisha wagonjwa 352 katika vyumba vya mahututi 12 vya nchi sita za Ulaya. Kati ya waliopewa daftari lao mwezi mmoja baada ya kutoka, na kulipitia pamoja na muuguzi, waliopata ugonjwa wa kiwewe ndani ya miezi mitatu walikuwa asilimia 5. Kati ya wale waliokuwa bado hawajapewa, walioupata walikuwa asilimia 13. Kisha mwaka 2019 Wafaransa wakachapisha jaribio kubwa zaidi la vyumba 35 na wagonjwa 657, na kati ya 339 waliofuatiliwa mpaka mwisho, dalili za kiwewe zilikuwa asilimia 30 kwa wenye madaftari na 34 kwa wasio nayo, tofauti ndogo isiyotosha kuthibitisha chochote. Mtu asiyetaka daftari atashika jaribio la pili, na ana haki ya kulishika.

Mimi sijiiti mtaalamu. Ninasema tu kwamba daftari si dawa ya kiwewe, na lisipimwe kana kwamba ni kidonge. Mtu aliyepoteza wiki tatu za maisha yake anastahili kuambiwa kilichotokea hata kama kipimo cha miezi mitatu hakitaonyesha tofauti. Na hata mwongozo wa huduma kwa familia za wagonjwa mahututi uliotolewa mwaka 2017 na chama cha wataalamu wa fani hiyo cha Marekani ulipendekeza madaftari haya, kwa lugha ya tahadhari, ili kupunguza wasiwasi, sonona na kiwewe kwa ndugu. Kuhusu ndugu nitasema zaidi, lakini kwanza niseme lililonifanya niandike barua hii.

Daftari langu lina kurasa nne tupu. Siku ya tano, ya sita, ya saba na ya nane.

Siku ya tano, muuguzi msimamizi wa zamu alimkuta mdogo wangu akiandika kando ya kitanda akamuuliza anaandika nini. Alipojibu, akaambiwa alirudishe daftari nyumbani. Vitu vya nje haviruhusiwi, wasije wakaleta vimelea, na tena, akaambiwa, mambo haya ya kuandika-andika ndiyo yanayokuja kuibuliwa mahakamani. Mdogo wangu si mtu wa kubishana na wakubwa. Alilitia daftari kwenye mkoba, na tangu siku hiyo alipopewa nafasi ya kuingia alisimama tu, mikono imening'inia, akitazama namba kwenye kioo cha mashine na kungoja muda uishe. Siku ya tisa zamu ilibadilika. Muuguzi mwingine, yule wa kalamu ya bluu, alikuwa ameona kurasa za mwanzo, akauliza, "Lile daftari la mama liko wapi?" Yeye ndiye aliyelivalisha nailoni, akaonyesha mahali pa kuliweka, na usiku uliofuata akaandika mwenyewe.

Simlaumu yule wa kwanza. Alikuwa analinda chumba chake, na hakuna mkubwa wake aliyewahi kumwambia daftari ni sehemu ya kazi. Ndiyo maana barua hii sikumwandikia yeye. Nimewaandikia nyinyi. Katika chumba kimoja, kwa mgonjwa mmoja, daftari liliingia kwa moyo wa mtu, likatolewa kwa hofu ya mtu, likarudishwa tena kwa moyo wa mtu mwingine. Jambo ambalo mgonjwa hawezi kuliomba, kwa sababu amelala, haliwezi kuachwa litegemee ni nani yuko zamu.

Sasa ndugu. Wanaokaa nje kwenye benchi wana shida ambayo pengine mmeizoea mno kiasi cha kutoiona tena: hawana kazi. Kwenye wodi ya kawaida ndugu humgeuza mgonjwa, humkanda miguu, humnywesha maji. Kwenye chumba cha mahututi yote hayo yamechukuliwa na watu wenye ujuzi, na ni sawa, lakini anayempenda mgonjwa anabaki mikono mitupu kwa siku nyingi. Mdogo wangu aliniambia kwamba kalamu ilimpa cha kufanya. Aliponyimwa kalamu alianza kuhesabu mashimo ya dari. Pia alilazimika kuelewa ili aandike. Aliuliza, "Nimwandikieje kuhusu figo?" na daktari, kwa kuwa swali lilikuwa la kuandika, alimjibu polepole kwa maneno ya kawaida, akarudia. Kwenye daftari imo sentensi hii ambayo najua si ya mdogo wangu: "Figo zako zimechoka, zimepumzishwa na mashine nyingine." Ni maelezo bora kuliko yote niliyowahi kusikia kuhusu figo zangu.

Mama yetu hajui kuandika. Alisema, na mdogo wangu akaandika maneno yake kama yalivyo, kisha mama akaweka kidole gumba kwa wino wa kalamu. Mwanangu wa miaka sita, ambaye hakuruhusiwa kuingia, alichora watu watano wamesimama na mmoja amelala, wote wanatabasamu. Ukurasa huo niliutazama kabla ya yote, kwa sababu siku za kwanza macho yangu yalikuwa hayawezi kufuata mistari.

Mtaniuliza namna ya kufanya. Nitasema yale niliyojifunza kwa kusoma daftari langu na kwa kuzungumza na wengine waliopita njia hiyo, nanyi mtarekebisha.

Anayeandika amwandikie mgonjwa, si kumwandika mgonjwa. Aanze na jina lake na siku, aseme kilichomleta hospitali hata kama kimeshasemwa ukurasa wa nyuma, maana anayesoma ni mtu aliyesahau. Kisha atazame chumba kwa macho ya aliyelala: kunasikika nini, kunawaka nini, nani kagusa wapi. Haya madogo ndiyo yanayovunja mashua. Habari ya kwamba mapafu yalionekana safi zaidi kwenye picha ilinifurahisha, lakini iliyoniponya ni ya godoro. Vifupisho visiingie. Ahadi zisiingie: "utapona kesho" ni mzigo kwa anayesoma na ni mzigo mkubwa zaidi kwa ndugu ikiwa kesho hakupona. Siku mbaya iandikwe kuwa mbaya. Kuna ukurasa wangu unaosema, "Leo tumeogopa, Dada, presha yako imeshuka na wametutoa nje," na ni miongoni mwa kurasa ninazozipenda, kwa kuwa hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwili wangu umechoka hivi.

Kuna yasiyofaa kuwemo kabisa. Daftari linakaa wazi kando ya kitanda, na kila anayeingia anaweza kulifungua, kwa hiyo majibu ya vipimo ambayo mgonjwa hajamwambia mtu, ugonjwa wa siri, ugomvi wa ndugu, na habari zozote za mgonjwa wa kitanda cha jirani, vibaki nje. Picha zinasaidia sana, wenzetu wa nchi za kaskazini wamezitumia tangu zamani, lakini mtu aliyelala hawezi kusema ndiyo. Zikipigwa zifungiwe pembeni mpaka aamke aamue mwenyewe kuziona au kuzichana. Na kuhusu vimelea, nailoni ya jalada hufutwa, mikono huoshwa kabla ya kushika, daftari halitoki chumbani mpaka mgonjwa atoke. Mmeweza kuingiza simu zenu humo kila siku, daftari haliwezi kuwashinda.

Muda ndio pingamizi lenye uzito. Najua muuguzi mmoja hubeba wagonjwa wangapi, na sitaki kumwongezea kazi kisha niiite huruma. Lakini sikuandikiwa kurasa ndefu. Muuguzi wa kalamu ya bluu aliandika mistari minne au mitano, tena si kila usiku. Katika siku 15 zilizobaki baada ya daftari kurudi, mwandiko wake umo mara sita. Ndugu waliandika siku zote. Mkisema kwamba kila zamu iache walau mistari mitatu kwa mgonjwa aliyepitisha siku tatu kwenye mashine, mmeshafanya jambo kubwa. Iwekwe kwenye makabidhiano, pale pale wanapoulizana kama mgonjwa amegeuzwa: ameandikiwa?

Kuhusu mahakama, hofu hiyo itatuliwe na nyinyi ofisini kwa maandishi, isiachwe kitandani kwa muuguzi. Amueni mapema daftari ni la nani. Kwa maoni yangu ni la mgonjwa tangu mstari wa kwanza. Amueni kama nakala inabaki hospitali au la, na ndugu waambiwe mwanzoni. Nami nawahakikishia jambo moja kutoka moyoni: kabla ya kulisoma daftari nilikuwa na hasira na chumba kile chote, na baada ya kulisoma sikuwa nayo.

Kukabidhi ndiko kunakoharibika zaidi. Mimi langu nililikuta chini ya mfuko wa nguo, pamoja na kandambili na kitana, siku niliyofika nyumbani. Nililifungua peke yangu usiku, nikakutana na ukurasa wa presha kushuka, nikatetemeka mpaka asubuhi. Nikalifungia kabatini kwa wiki saba. Tafadhali msimtumbukizie mtu siku zake kwenye mfuko. Mngojeni apate nguvu, mwulizeni kama anataka, na akitaka, mtu aliyekuwapo akae naye walipitie pamoja kwa mwendo wake. Wako ambao hawatataka kamwe. Wabaki nalo limefungwa, au libaki kwenu mpaka watakapoliomba, na wasisumbuliwe.

Na wako ambao hawatoki. Nimelifikiria hili sana, kwa kuwa katika siku zangu 23 najua vitanda vilivyokuwa kushoto na kulia kwangu vilibadilisha watu. Mtu akifariki, daftari lisitupwe pamoja na mirija. Ndugu waulizwe, kwa upole, si siku ile ile, kama wangependa kulichukua. Mwanamke mmoja niliyekutana naye baadaye alimpoteza mumewe baada ya siku kumi na moja za mahututi, na kitu pekee anachojua kuhusu usiku wa mwisho ni kwamba muuguzi aliandika, "Nimemnyoa ndevu kwa sababu mke wake alisema hapendi ziwe ndefu." Anacho kipande hicho cha karatasi. Aliniambia hakuna ripoti ya daktari ambayo angeibadilisha nayo.

Ombi langu ni hili. Katika kila chumba cha mahututi mnachokisimamia, teueni mtu mmoja kwa jina, na msaidizi wake, ambaye kazi yake ni kuhakikisha daftari linafunguliwa, linaandikwa na linakabidhiwa. Daftari na kalamu vitolewe na hospitali, vikae kwenye kabati lile lile la glavu, ili asiye na ndugu naye apate lake. Huyo asiye na ndugu ndiye anayelihitaji zaidi, akiamka hana hata mtu mmoja wa kumuuliza. Na mgonjwa apewe siku ya kurudi kukiona chumba, miezi miwili au mitatu baadaye, akiwa wima na amevaa nguo zake.

Mimi nafasi hiyo sikupewa, niliiomba. Nilirudi mwezi wa tisa, nikiwa na swali ambalo daftari halikuweza kunijibu.

Mashua iliondoka, lakini kulikuwa na mtoto. Alilia siku nyingi, kilio kirefu chembamba kinachoanza chini na kupanda, kisha kinakatika. Nilimsikia, nikajua ni wangu, na sikwenda. Sikuweza kunyanyua hata kidole. Niliwauliza watu wote wa nyumbani kama watoto wangu waliletwa wakati ule, wakasema hapana, hawajawahi kukanyaga. Niliwaamini mchana. Usiku nilikuwa naamka na kwenda kuwahesabu vitandani.

Muuguzi wa kalamu ya bluu alikuwa kazini siku hiyo. Aliniambia jina lake, tukashikana mikono, akanitazama nilivyosimama kwa muda mrefu bila kusema. Nilimweleza habari ya mtoto. Akafikiri. Kisha akanipeleka mpaka nyuma ya kile kilichokuwa kitanda changu, penye mlango wa stoo ya vifaa, akaushika, akaufungua na kuufunga. Haukutoa sauti yoyote. "Huu," akasema. "Wakati ule bawaba yake ilikuwa inalia sana. Tuliomba wiki nzima uje kutiwa mafuta. Walikuja siku ya nane yako, nakumbuka kwa sababu ndiyo siku niliyorudi kutoka likizo nikaukuta umekuwa kimya."

Niliufungua na kuufunga mwenyewe mara tatu. Halafu nikaketi kwenye kiti cha ndugu, nikaomba kalamu yake, na kwenye ukurasa wa siku ya sita nikaandika: "Ulikuwa mlango."

Kurasa tatu bado ziko wazi.

Wenu,
aliyekuwa mgonjwa wa kitanda cha sita